Pale pa Marufuku

Nyumbani kwenu,
sebuleni, kwenye meza ya marehemu baba yako.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla hujasoma zaidi, kaa vizuri uvute pumzi: mama yako ni mzima. Nimeliweka hilo mwanzo kwa sababu nakujua. Macho yako yangeruka salamu zote yakilitafuta. Sasa umeshalipata, basi tusalimiane kama watu waliolelewa.

Hamjambo huko? Mkeo anaendeleaje? Na mjukuu wangu, meno yameshatoka au bado anawang'ata vidole? Mgongo wako je, ule uliokulaza mwezi uliopita? Usiinue vitu kwa kuinama. Chuchumaa, miguu ifanye kazi yake. Mimi sijambo, ila magoti, ambayo siku hizi yanatangaza mvua kabla ya redio. Dada yako naye hajambo, amechoka tu, na uchovu wake utauelewa ukisoma mbele.

Barua yako ilifika, ile uliyosema, "Mjomba, nakusihi, msiuguse ukuta ule, vumbi litamuua mama." Sikukasirika. Nilimsomea mama yako yote, akasikiliza huku ameangalia dirishani. Nilipomaliza akasema, "Mwambie mwanangu hivi: yeye anahofia kifua changu, mimi nahofia kubebwa."

Ngoja nikueleze, kwa maana uko mbali na mambo ya namna hii hayaonekani kwenye simu. Tangu apate kiti cha magurudumu, nyumba nzima ilimkubali isipokuwa mlango wa chumba chake mwenyewe. Kiti kipana, mlango mwembamba. Kila akitaka kwenda bafuni, dada yako alimtoa kitandani, akambeba hadi sebuleni kama mtoto, akamkalisha kwenye kiti, ndipo safari iendelee. Mama yako alikuwa anafumba macho akibebwa. Halafu nikagundua kwamba ameacha kunywa maji mchana. Glasi inajazwa asubuhi, jioni bado imejaa. Hakuna aliyeuliza sababu, wote tuliijua. Mtu mwenye pumu, katika umri ule, anajinyima maji ili asimchoshe binti yake! Nikasema, ukuta huu utavunjwa, mlango upanuliwe, na Mungu atusaidie kwenye vumbi.

Tulimwomba ahame kwa muda. Jirani wa upande wa jikoni alimwandalia chumba, na shuka mpya akatandika. Mama yako akakataa katakata. "Nyumba hii nilimshikia mume wangu taa akiijenga," alisema. "Haivunjwi nikiwa kwa watu." Tulidhani ni ukaidi. Wewe unaujua ukaidi wa dada yangu. Tangu utotoni, ukimwambia chakula kina moto ndipo anakitia mdomoni. Basi tukakubaliana: atakaa chumba cha dada yako, mlango wake unaofungukia sebuleni utazibwa, na kazi ifanyike upande wa pili wa sebule. Kumbe alikuwa na sababu nyingine. Nitaifikia.

Mafundi walikuwa wawili. Wa kwanza ni fundi mwashi, mwanamume mnene, mcheshi, ambaye mtaa mzima unamwita Tetemeko. Jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. Akigonga nyundo, vikombe vinajibu kabatini. Wa pili ni fundi umeme, mama wa makamo, mkimya, na mafundi wenzake wanamwita Zima-Kwanza, kwa sababu hata ukimsalimu jibu lake la kwanza ni hilo. Alipoingia nilimwambia, "Karibu fundi, habari za asubuhi?" Akasema, "Nzuri, mzee. Mmezima?"

Sasa niruhusu nikueleze habari ya vumbi. Unanijua, mimi nikianza kueleza hata chai hupoa, lakini nawe uliandika kwamba mnataka kubomoa ukuta wa jikoni kwenu, na mtoto anatambaa.

Vumbi unaloliona si adui mkubwa. Hilo ni zito, linaanguka, unalizoa. Adui ni lile usiloliona, jepesi kuliko unga uliochekechwa mara mia, ambalo huelea hewani hata baada ya mafundi kunawa mikono na kwenda kula. Hilo ndilo linaloingia kifuani likakaa. Na halizuiwi kwa mlango uliofungwa tu, maana hewa haibishi hodi. Hupita chini ya mlango, kwenye tundu la ufunguo, popote.

Kwa hiyo tulifanya mambo mawili. Kwanza, mlango wa chumba cha dada yako tulioupa mama tuliuziba kwa nailoni nene inayoonyesha upande wa pili, tukaibandika kwa tepu pembe zote, tukaacha mkato mmoja tu wa wima katikati, wa mtu kupita. Pili, tulichukua feni, tukaiweka kwenye dirisha la sebule, ikipuliza kuelekea nje. Tetemeko alicheka. "Mzee, unapoza uwanja?" Nikamwambia, "Subiri." Ukiitoa hewa sebuleni kwa nguvu, sebule hudai hewa nyingine, na huitafuta popote ilipo. Dirisha la chumba alichokaa mama tuliliacha wazi. Basi hewa safi ikaingia kwake kutoka nje, ikapita kwake, ikapenya kwenye ule mkato wa nailoni hadi sebuleni, na feni ikaitupa nje pamoja na vumbi. Upepo ukawa unatoka kwa mama kwenda kwa mafundi, wala si kinyume.

Dada yako alipowasha feni, mpwa wangu, nailoni yote ilibonyea kuelekea sebuleni, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Nimefundisha habari za hewa maisha yangu yote, nikachora mishale ubaoni, nikasahihisha mitihani. Sikuwahi kuiona nyumba ikivuta pumzi. Nilisimama pale na tepu mkononi, mdomo wazi, mpaka dada yako akaniuliza kama ni magoti.

Ili tujue wakati wowote kama upepo unakwenda njia yake, tulining'iniza uzi wa kushonea kwenye ule mkato. Uzi ukiegemea sebuleni, mama yuko salama. Mama yako akauchukua uzi huo kuwa kazi yake. Alikaa kwenye kiti, miwani usoni, akiukodolea macho kama mlinzi wa benki, na kila baada ya muda tunasikia: "Uzi umelala vizuri! Endeleeni!" Nadhani tangu baba yako afariki hajawahi kupewa kazi iliyomfurahisha hivyo.

Sasa, umeme. Hapo ndipo tulipokwama, na nataka uelewe kwa nini. Fundi alitaka kuzima swichi kuu, nyumba nzima ife, ndipo mtu aguse ukuta. Ni haki yake. Lakini nyumba ikizimwa, feni nayo inazimika, na feni ndiyo kifua cha mama yako. Tukiacha umeme, tunaweza kumpoteza fundi. Tukiuzima, tunamhatarisha mama. Na maji je? Ukuta ukiloweshwa, vumbi linatulia. Lakini ukuta wenye waya hai haumwagiwi maji, labda kama umechoka kuishi.

Tulijadiliana hapo sebuleni kama baraza la mawaziri. Mwishowe tukaafikiana hivi: kwenye boksi la umeme kuna breka, zile swichi ndogo, kila moja na sehemu yake. Tutazima ya chumba cha mama na ya sebule, kwa kuwa ukuta uko kati ya viwili hivyo. Ya jikoni tutaiacha, na feni itavuta umeme kutoka jikoni kwa waya wa kuongezea. Fundi hakupenda. Alisema, "Nyumba kuukuu haziheshimu breka, mzee." Lakini alipima. Alikuwa na kalamu ya kupimia, haihitaji kugusa waya. Ukiisogeza karibu na umeme inalia. Waya za ukutani huenda wima au mlalo, kutoka swichi kwenda juu, kutoka soketi kwenda pembeni, hazikatizi ovyo. Basi akapitisha kalamu kwenye njia zote hizo. Kimya. Akachora chaki mahali salama, Tetemeko akalowesha kidogo, akaanza kuondoa plasta kwa nyundo na tindo upande wa kulia wa mlango. Vumbi likapanda, feni ikalivuta, uzi ukalala vizuri. Nikajipongeza moyoni.

Walipomaliza kulia, Tetemeko akahamia kushoto, juu, akaanza kulowesha. Unapakumbuka kushoto kwa mlango wa mama, juu ya usawa wa kichwa? Najua unapakumbuka.

Mama yako akapaza sauti nyuma ya nailoni. "Fundi, unakwenda wapi?"

"Kushoto, mama. Tumalize upesi upate mlango wako."

"Kushoto wapi?"

"Hapa juu."

"Pale pa marufuku?"

Tetemeko akanigeukia. "Marufuku gani tena, mzee? Kuna mzimu?"

Nikacheka, kwa sababu nilikumbuka. Baba yako alikataza msumari usipigwe mahali pale, wala hakusema kwa nini. Kalenda ilibandikwa kwa tepu, ikawa inaanguka kila msimu wa joto, ikabandikwa tena. Wewe, Bwana Kwanini wa nyumba hii, ulimuuliza mpaka akachoka, akakujibu, "Kwa sababu nimesema." Ndipo ukamwambia dada yako kwamba kuna nyoka amelala ndani ya ukuta. Yeye akaamini kwamba baba ameficha peremende. Mmekua, wewe ukaondoka, na hakuna aliyewahi kuthubutu. Hata mimi, mtu mzima na shahada zangu, nilipotundika saa nilitafuta ukuta mwingine.

Lakini mama yako hakucheka. Akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msibani, "Fundi, teremsha nyundo. Kaka, mwambie ateremshe. Kuna waya pale. Umekatiza ukutani, haukupita wima wala mlalo. Unatoka jikoni."

Kutoka jikoni! Breka ambayo hatukuzima. Breka ileile iliyokuwa inazungusha feni.

Tetemeko aliteremka ngazini kwa unyenyekevu nisioutarajia kwa mtu wa uzito wake, akaweka chupa ya maji chini kama yai. Zima-Kwanza akapanda mwenyewe, akavaa glavu zake, akapitisha kalamu. Kimya. Plasta ilikuwa nene. Akakwangua juu juu tu kwa kipande cha plastiki, polepole, kama mtu anayemenya yai la kuchemsha, akasogeza tena. Kalamu ikalia kama kifaranga. Akaifuata mlio kwa mlio, akiweka alama ya chaki, na chaki ikachora mstari ulioshuka kwa mshazari ukutani, kutoka kona ya dari upande wa jikoni hadi jirani na mlango. Palikuwa mahali hasa ambapo tindo lingetua, kwenye ukuta uliokwisha kuloweshwa.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Zima." Safari hii sikubishana.

Nilizima jikoni. Kalamu ikanyamaza. Feni nayo ikapunguza, ikapunguza, ikasimama.

Mpwa wangu, sijui kama nitaweza kukueleza ukimya ule. Jua lilikuwa limeingia dirishani, na ndani ya mwali wake nililiona vumbi lote ambalo macho hayalioni siku nyingine. Chembe zisizohesabika, zikielea, zikizunguka, nyingine zikipanda badala ya kushuka, zikimetameta kama mbingu ya usiku iliyoshushwa sebuleni. Zilikuwa nzuri. Namshukuru Mungu niliziona. Na kila moja ilikuwa inatafuta kifua cha kuingia.

"Uzi umekufa," akasema mama yako.

Ulikuwa umening'inia wima. Kisha ukaanza kuegemea upande wa pili. Upande wake.

Zima-Kwanza akanong'ona, "Mtu asitembee. Mkitembea mnaliamsha." Tukaganda tulipokuwa, Tetemeko akiwa na mguu mmoja mbele, kama watoto wanaocheza mchezo wa kuganda. Ni dada yako peke yake aliyekuwa upande wa ndani na mama. Alifunga dirisha upesi, akachovya taulo kwenye ndoo, akalibana juu ya mkato wa nailoni kwa mikono yake miwili, akasimama hivyo, uso kwetu, kama mtu aliyesulubiwa msalabani. Tukamsikia mama yako akikohoa. Mara moja. Kisha mara nyingi. Kisha tukasikia dawa yake ya kuvuta, pff, na kimya, na pff tena.

Nilitaka kukimbia kwa jirani nikakumbuka kwamba nikikimbia nalitimua vumbi. Nikamwita kwa dirisha. Jirani yule mwenye shuka mpya hakuuliza maswali. Alitupitishia waya wa kuongezea kutoka jikoni kwake, mzima, usio na viungo. Zima-Kwanza aliukagua kwa vidole urefu wake wote, akaupitisha juu ya dirisha mbali na maji, ndipo akaruhusu. Feni ikazunguka kwa umeme wa jirani. Dada yako akafungua dirisha, akaachia taulo. Nailoni ikabonyea tena kuelekea kwetu, ikavuta pumzi, na uzi ukarudi, ukalala.

Tulingoja kauli ya mlinzi wa benki. Ilichelewa. Halafu ikaja, nyembamba, inakwaruza: "Umelala vizuri. Sasa msimcheke mume wangu."

Tukamwuliza tumcheke kwa nini. Akaeleza, akiwa nyuma ya ile nailoni, nasi tumekaa sakafuni tukisikiliza kama darasa.

Unajua baba yako alikuwa fundi redio, na unajua watu walimwita Rula. Kila waya wake ulinyooka. Mafundi wengine waliwaleta wanafunzi wao waje waone kazi yake. Alipojenga nyumba hii, umeme uliishia jikoni kwanza, vyumba vingine alipanga kuvifikia polepole, kwa kipimo, kama kawaida yake. Lakini mama yako alikuwa na mimba, na uchungu ukamwanza kabla ya wakati. Mkunga alifika jioni, akatazama chumba chenye taa ya mafuta, akasema hataki kumpokea mtoto gizani. Baba yako alikuwa na kipande cha waya. Kwa njia iliyonyooka, kushuka hadi chini na kuzunguka kona, hakikutosha. Maduka yamefungwa. Basi Rula, ambaye hakuwahi kupindisha kitu, alikata ukuta kwa mshazari, mama yako akiwa anamshikia taa kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili, na alizika waya ule kwa plasta mbichi bila mwiko, kwa vidole vyake, kwa haraka. Alipowasha taa, ulizaliwa.

Alimwapisha mama yako asimwambie mtu. Alisema ataurekebisha wiki ijayo, na mpaka atakapourekebisha mtu asipige msumari pale. Baadaye chumba kikapata waya wake mzuri, ulionyooka. Ule wa kwanza akauacha humohumo, haulishi taa yoyote, lakini hai, umeunganishwa jikoni. Wiki ijayo ikawa miaka, na miaka ikamzika. Siri ya mtungi aijuaye kata, mpwa wangu, na kata hiyo ilikataa kuhama nyumba ili iulinde ukuta wake. Alidhani tutagusa kulia tu, na siri ibaki siri. Alipoona tindo linakwenda kushoto, alipima kiapo na mkono wa fundi, akachagua.

Tetemeko alikuwa wa kwanza kusema. Alijifuta uso, akabaki na mistari kama pundamilia. "Mama," akasema, "mimi nimeoa. Sina haki ya kumcheka mtu aliyekimbizwa na mkunga."

Tulicheka wote, na mama yako pia, mpaka tukamsihi aache asikohoe.

Waya tuliutoa jioni ile, umeme ukiwa umezimwa na kupimwa mara ya pili na ya tatu. Tulipobandua plasta ya juu tukaikuta ile ya chini, ya kwanza, na humo mlikuwa na alama za vidole vinne, vimeburutwa kufuata waya kuanzia juu hadi chini. Ni vidole vya baba yako. Kidole cha shahada kina ule mkunjo wa kovu, hata kovu limeacha chapa yake. Fundi umeme aliweka kalamu mfukoni, akaweka vidole vyake juu ya vile, havikulingana, akaviondoa upesi kama aliyeingia chumba cha mtu bila hodi. Nilikaa kwenye ngazi. Nimesoma vitabu vingi kuhusu umeme, na nakuambia kwamba sijui umeme ni nini.

Tulimaliza kazi kwa umeme wa jirani na maji mengi. Linta mpya, ile boriti ya juu ya mlango, iliingia, ndefu zaidi. Hatukufagia kwa ufagio mkavu hata mara moja. Ufagio mkavu ni kuliamsha vumbi lililokwisha kulala. Tulifuta kwa vitambaa vibichi, juu kwanza, chini mwisho, na feni iliachwa ikizunguka hadi siku iliyofuata ndipo nailoni ikabanduliwa, kwa kukunjwa ndani, vumbi likabaki limefungwa humo. Mafundi walivua nguo zao za kazi mlangoni kila walipoondoka. Fanya hivyo hivyo kwako. Na kabla ya kugusa ukuta wa jikoni, tafuta mtu aliyeishi humo kabla yenu, umuulize ni wapi aliogopa kupiga msumari.

Daktari amempima kifua mara mbili tangu siku ile. Ametulia. Anakunywa maji.

Jumatano tulimwita aje ajaribu mlango. Alikataa kusukumwa. Alishika magurudumu mwenyewe, akapita, bila kugusa fremu kulia wala kushoto, akaenda mpaka bafuni, akafunga mlango wa bafu, akakaa humo muda mrefu kuliko haja. Dada yako alibaki sebuleni, mikono imelegea ubavuni, kama mtu aliyetua mzigo akasahau kuuacha. Akaanza kulia, nikajifanya natafuta miwani.

Mama yako alipotoka, alisimamisha kiti chini ya pale pa marufuku. Tetemeko alikuwa ameshapaka plasta mpya kila mahali isipokuwa kipande kile chenye vidole. Mama alikataza kisipakwe, kimebaki wazi, kimezungushiwa rangi kama picha. Akaomba msumari. Tukatazamana. Tetemeko akamwangalia Zima-Kwanza, naye akatoa kalamu yake, akaipitisha juu, chini, mara nyingi kuliko lazima. Kimya.

"Panapigika, mama," akasema.

Hakutaka tumsaidie. Dada yako alimshika kiunoni tu akainuka kidogo, akapiga msumari mwenyewe, pembeni kidogo ya vidole vile, mapigo madogo madogo, kila pigo akisimama kusikiliza. Kisha akatundika picha yako, ile uliyompakata mwanao siku aliyozaliwa, chini ya taa za hospitali. Ameitundika imepinda. Nilitaka kuinyoosha, akanipiga mkono. "Iache," akasema. "Imefuata waya."

Dada yako anakusalimu sana, anasema peremende zake hazikupatikana. Jirani wa jikoni anakusalimu, na anauliza lini utakuja umrudishie waya wake mwenyewe, maana ameapa hataupokea kwa mkono wa mwingine. Tetemeko anasema nyoka wako hakuonekana, ila anamheshimu. Nisalimie mkeo, na umbusu mjukuu wangu kwenye ufizi kabla meno hayajawa makali. Mama yako hakutuma salamu. Amesema salamu zake utazikuta ukutani, na mlango sasa ni mpana, mtapita wote watatu kwa pamoja bila kupisha.

Mungu awatunzie pumzi zenu, na kila taa mtakayomwashia mtoto, hata kama waya wake umepinda.

Akupendaye siku zote, na upendo huu fundi ameshaupima: hauna swichi,

Mjomba wako.